Kujifunza U-DJ kwa Madarasa na Warsha: Mwongozo kwa Anayeanzia Kigoma

Mjini Kigoma, kama ilivyo katika miji mingi ya Tanzania, njia iliyozoeleka ya kuwa DJ ni kuanza kwa kubeba spika. Kijana humfuata mwenye mitambo ya kukodi kwenye harusi za Mwanga, Gungu au Ujiji, hukunja nyaya, hulinda jenereta, na baada ya miezi kadhaa hupewa nafasi ya kupiga nyimbo mbili tatu saa ambayo hakuna anayesikiliza kwa makini. Njia hiyo imetoa Ma-DJ wazuri, na sina nia ya kuibeza. Upungufu wake ni kwamba anayejifunza huona mengi lakini hasahihishwi: akikosea kuunganisha nyimbo mbili, sherehe inaendelea, mwenye mitambo anakasirika, na hakuna muda wa kurudi nyuma na kuonyeshana kosa lilianzia wapi.

Darasa au warsha nzuri huziba pengo hilo hasa. Thamani yake haiko kwenye cheti wala kwenye wingi wa mashine. Iko kwa mtu mwenye sikio lililokomaa ambaye anakaa kando yako, anasikia unachokisikia, na kukusimamisha pale pale mdundo unapoanza kuteleza. Ushauri wote unaofuata hapa unapimwa kwa kigezo hicho kimoja: je, utasikilizwa na kusahihishwa kwa kiasi gani?

Kuchagua darasa

Kufundisha u-DJ darasani bado ni jambo changa duniani. Jam Master Jay, DJ wa kundi la hip hop la Run-DMC, alishiriki kuanzisha Scratch DJ Academy mjini New York mwaka 2002, na mwaka 2004 chuo cha muziki cha Berklee, huko Boston, kikaanza kufundisha matumizi ya mashine za santuri kama somo. Kabla ya hapo, hata huko Marekani, ufundi ulipita kutoka mkono hadi mkono kwa kutazama na kuiga. Afrika Mashariki nayo ina sehemu zake: taasisi ya Santuri ya Nairobi hufundisha u-DJ pamoja na utayarishaji wa muziki wa kielektroniki, na DJ Rachael wa Uganda alianzisha Femme Electronic ili wanawake wapate mafunzo na majukwaa. Kwa mkazi wa Kigoma sehemu hizo ziko mbali, na safari ya treni hadi Dar es Salaam peke yake ni zaidi ya kilomita 1,200. Hata hivyo ni vizuri kujua kwamba zipo, kwa sababu zinathibitisha kuwa kazi hii ina hatua zinazoweza kupangwa na kufundishwa, na kwamba mwalimu wa hapa mjini naye anaweza kudaiwa mpangilio.

Mafunzo yanayopatikana karibu huwa ya namna mbili. Ya kwanza ni kufundishwa na DJ wa ukumbi, wa redio au mwenye mitambo, kwa makubaliano ya binafsi, saa chache kila wiki. Ya pili ni warsha ya siku moja hadi tatu, ambayo mara nyingi huandaliwa mgeni anapopita au kikundi cha vijana kinapochangishana. Video za mtandaoni ni msaada wa pembeni: zinakuonyesha kidole kinawekwa wapi, lakini haziwezi kukusikia, na kosa ambalo hujui kuwa unalo hutaligundua kwa kuzitazama.

Kabla ya kulipa chochote, uliza swali la hesabu. Warsha ya saa 6 yenye wanafunzi 12 na mashine moja (yaani seti moja kamili ya kupigia) inampa kila mmoja dakika 30 za kugusa mashine, tena kama mwalimu hatazungumza hata neno moja. Ukitoa maelezo, chakula na muda wa kubadilishana nafasi, zinabaki dakika 15. Warsha hiyo hiyo ikiwa na wanafunzi 4 inampa kila mmoja dakika 90. Kwa maoni yangu, warsha yenye watu zaidi ya 6 kwa mashine moja ni hotuba, na hotuba kuhusu u-DJ haina faida kubwa. Ni afadhali kulipa ada kubwa kidogo na kukaa kwenye kundi dogo.

Swali la pili linahusu mwalimu mwenyewe. Nenda ukamsikie akiwa kazini, kwenye sherehe au ukumbini, na usisimame karibu na meza yake bali mwisho wa ukumbi, mahali ambapo sauti inafika ikiwa imechujwa na watu. Tazama miguu ya wanaocheza wakati wimbo mmoja unapompisha mwingine. Wakiendelea bila kusita, mtu huyo anajua kazi. Kisha muulize atakufundisha nini siku ya kwanza. Mwalimu anayejibu kwamba ataanza na kukwaruza santuri na vionjo vya sauti za ajabu ajabu anataka kukufurahisha. Anayejibu kwamba ataanza na viwango vya sauti na kuhesabu, huyo mfikirie kwa uzito. Kuwa mwangalifu pia na mwalimu ambaye kila somo linaishia kwenye kukuuzia kifaa chake cha zamani.

Usidharau darasa kwa sababu ya mashine kuukuu. Technics SL-1200, mashine ya santuri iliyotoka mwaka 1972 na kuja kuwa kipimo cha kazi hii, ilipofanyiwa marekebisho mwaka 1979 iliwekewa kitelezi cha kubadilisha kasi kwa asilimia 8 juu au chini. Pioneer CDJ-1000 ya mwaka 2001 ikahamishia mpangilio huo kwenye CD, na kontrola za leo zinazounganishwa na kompyuta bado zina sura ile ile: mashine mbili pembeni, mikisa (kifaa cha kuchanganya sauti) katikati, kitelezi cha kasi upande wa kulia wa kila mashine. Mkono uliofunzwa kwenye kontrola ndogo ya bei nafuu utajua njia ukikutana na mitambo mikubwa.

Jambo la malipo lisiachwe kwenye maneno matupu. Kubalianeni kwa maandishi, hata kama ni ukurasa mmoja wa daftari: vipindi vingapi, vya muda gani, nani anagharamia mafuta ya jenereta umeme ukikatika, na kipindi kilichovunjika kwa sababu mwalimu ameitwa kwenye kazi kitafidiwa lini. Lipa kwa awamu. Kwa msichana anayetaka kujifunza, nashauri darasa la mchana, mahali pa wazi, na aruhusiwe kuja na mwenzake. Wazazi wengi hawapingi muziki wenyewe. Wanachohofia ni usiku na mazingira ya kumbi, na hofu hiyo inastahili kujibiwa kwa mpango unaoeleweka, si kwa mabishano. Mwalimu anayekataa sharti hilo si wa kumfuata.

Maandalizi kabla ya siku ya kwanza

Mwanafunzi anayefika darasani bila kujua kuhesabu muziki hutumia dakika zake chache za mashine kwa jambo ambalo angeweza kujifunza bure akiwa nyumbani. Nyimbo nyingi za kuchezwa leo, iwe ni bongo fleva, amapiano, afrobiti au hauzi (house), zimejengwa juu ya hesabu ya nne. Hesabu moja mpaka nne, rudia mara nane, na utakuwa umefika mipigo 32. Mara nyingi hapo ndipo jambo hubadilika: besi inaingia, ngoma zinaondoka, mwimbaji anaanza ubeti. Fanya zoezi hili popote muziki unapopigwa, kwenye bajaji, sokoni, kwa kinyozi, mpaka uweze kubashiri badiliko kabla halijafika. DJ hufanya kazi yake ndani ya mafungu hayo ya mipigo, na asiyeyasikia atakuwa anaingiza nyimbo katikati ya sentensi ya wengine.

Jifunze pia kupima kasi bila kifaa. Hesabu mipigo kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Ukipata 28, wimbo una mipigo 112 kwa dakika, ambayo ni kasi ya kawaida ya amapiano. Hauzi hukaa kati ya 120 na 128. Singeli huvuka 200 bila taabu, na kwa sababu hiyo baadhi ya programu za kompyuta huisoma kwa nusu ya kasi yake. Ni vizuri sikio lako liwe tayari kuikosoa kompyuta.

Kuhusu nyimbo, kawaida ya wanaoanza ni kukusanya maelfu. Flashi ya gigabaiti 32 hubeba zaidi ya nyimbo 3,000 za ubora mzuri, na wengi huijaza ndani ya wiki moja kwa nyimbo ambazo hawajawahi kuzisikiliza hadi mwisho. Nenda darasani na nyimbo 40 unazozijua vizuri. Kwa kila wimbo andika kwenye daftari kasi yake, utangulizi una mipigo mingapi kabla ya mwimbaji kuanza, ni dakika ya ngapi sehemu ya kuchezea inaanza, na unamalizika vipi, kwa kufifia au kwa kukatwa. Kazi hiyo inachosha, lakini ndiyo itakayomfanya mwalimu aanze na wewe mahali pa juu kidogo.

Faili ziwe za MP3 za kiwango cha 320 (kilobiti kwa sekunde) au za WAV. Wimbo wa dakika 4 kwa kiwango hicho cha MP3 huchukua karibu megabaiti 10; ukiona faili ya megabaiti 2, ujue sehemu kubwa ya sauti imetupwa. Kwenye simu hutaona tofauti. Kwenye spika kubwa utaisikia mara moja, kwa sababu sauti za juu zinakuwa kavu na besi inakosa nguvu. Flashi iandaliwe kwa mfumo wa FAT32, ambao mashine nyingi za zamani na mpya huusoma, na uwe na ya pili yenye nyimbo zile zile.

Mbele ya mashine

Somo la kwanza liwe viwango vya sauti, hata kama unatamani kuruka moja kwa moja kwenye kuchanganya. Kila wimbo ulirekodiwa kwa nguvu yake, na kitufe cha geini kilicho juu ya kila mkondo kipo ili nyimbo mbili zifikie kiwango kimoja kabla kitelezi cha sauti hakijaguswa. Taa za mikisa zikae kwenye kijani na kugusa njano pale mdundo unapopiga kwa nguvu. Zikiwaka nyekundu mfululizo, mikisa imefika mwisho wa uwezo wake na inayakata mawimbi ya sauti vichwa. Sauti hiyo iliyokatwa hupeleka joto kwenye twita, yaani spika ndogo za sauti za juu, na hizo ndizo huungua kwanza. Ukumbi ukihitaji sauti zaidi, inaongezwa kwenye amplifaya na yule anayeimiliki, si kwa kusukuma mikisa mpaka mwisho. Mwanafunzi anayelijua hili hukaribishwa kwenye mitambo ya watu. Asiyelijua huunguza spika za mwenzake na hajui kwa nini haitwi tena.

Baada ya hapo ndipo kuoanisha midundo. Chukua mfano huu na uombe mwalimu ausimamie. Wimbo unaosikika ukumbini una mipigo 112 kwa dakika, na unaotaka kuingiza una 108. Tofauti ni mipigo 4, na ukigawanya 4 kwa 108 unapata karibu asilimia 3.7, kwa hiyo kitelezi cha kasi cha wimbo wa pili kinapandishwa hadi hapo. Mwambie mwalimu aifunike skrini kwa kitambaa, ili tarakimu zisikusaidie. Vaa hedifoni sikio moja, liache lingine lisikilize spika iliyo karibu nawe. Tafuta mpigo wa kwanza wa wimbo wa pili, ushikilie hapo kwa kitufe cha kyu (cha kuweka wimbo tayari mahali pa kuanzia), uhesabu moja mpaka nne pamoja na wimbo wa ukumbini, kisha uuachie kwenye moja.

Sasa sikiliza. Nyimbo zikiwa sawa utasikia mpigo mmoja mzito. Zikiwa zimepishana kidogo, mpigo unakuwa miwili inayofuatana upesi, du-du, na kazi yako ni kujua ni upi uko mbele. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama, na ndipo mwalimu ana thamani kubwa kuliko mahali pengine popote. Njia moja ni kupunguza mwendo wa wimbo wa pili makusudi, kwa kugusa pembeni ya gurudumu la mashine yake: pengo likiongezeka, wimbo huo ulikuwa nyuma tayari, na unatakiwa kusukumwa mbele, pengo likipungua, ulikuwa mbele. Sogeza, subiri mipigo 8, sikiliza tena. Usiridhike upesi. Tofauti ya nusu mpigo kwa dakika inaonekana ndogo, lakini baada ya dakika moja wimbo wa pili utakuwa unapiga katikati kabisa ya mipigo ya wimbo wa kwanza, na ukumbi mzima utajua. Kama nyimbo zako zinakaa pamoja kwa muda wa mipigo 64 bila kuguswa, umeipata kasi.

Wapo watakaouliza kwa nini tuhangaike wakati kontrola ina kitufe cha sinki kinachofanya yote hayo kwa mguso mmoja. Kukitumia si aibu, na mimi nakihesabu kuwa kifaa halali cha kazi. Tatizo ni kwamba kinategemea gridi ya mipigo, yaani alama za mahali kila mpigo unapoangukia, ambayo kompyuta imeichora, na gridi hiyo hufaa pale muziki ulipotengenezwa kwa kompyuta. Kigoma ni mji unaotazamana na Kongo ng'ambo ya ziwa, na sherehe ya hapa isiyopigwa rumba na sebene itaonekana haijakamilika. Muziki huo wa bendi, pamoja na zilipendwa za kwetu, za Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids, ulirekodiwa na watu walioketi pamoja na kupiga vyombo kwa mikono yao. Kasi yake inapumua. Mpiga ngoma anapandisha kidogo magitaa ya sebene yanapoingia, na wimbo ulioanza kwenye 118 unaweza kumalizika ukiwa juu zaidi. Gridi iliyochorwa kwa kasi ya mwanzo wa wimbo hupotea hapo, na anayetegemea sinki peke yake hupotea nayo.

Kwa hiyo mwombe mwalimu kipindi kizima cha muziki wa bendi. Jifunze kupima kasi ya sebene yenyewe badala ya kasi ya mwanzo wa wimbo. Usijaribu kuunganisha kwa mipigo 64 kama unavyofanya kwa amapiano. Unganisha kwa mipigo 8 hadi 16, mkono ukiwa kwenye gurudumu muda wote, au kata moja kwa moja kwenye hesabu ya moja pale gitaa linapomaliza mzunguko wake. Kukata kwa usahihi ni ufundi kamili, na kwenye sherehe za hapa nauthamini kuliko michanganyiko mirefu, kwa sababu wageni wa umri wote wanataka kuutambua wimbo mara unapoanza.

Kuna kanuni mbili ambazo hujifunzwa haraka na kuokoa mengi. Besi mbili zisisikike kwa wakati mmoja: wimbo unaoingia upunguzwe besi hadi mwisho, upandishwe taratibu, na mwanzoni mwa fungu jipya la mipigo 32 ubadilishane besi kati ya nyimbo hizo mbili kwa mkono mmoja kila upande. Vilevile waimbaji wawili wasiimbe juu ya kila mmoja. Ndiyo sababu uliandika kwenye daftari mahali mwimbaji anapoanzia.

Umeme nao ni sehemu ya somo. Unapowasha, anza na kompyuta na kontrola, fuata mikisa, na amplifaya iwe ya mwisho. Unapozima, amplifaya iwe ya kwanza. Ukifanya kinyume, mshindo unaopita kwenye spika unaweza kuziharibu. Umeme unapokatika katikati ya kazi, kompyuta itaendelea kwa betri, lakini amplifaya ni lazima izimwe kwenye kitufe chake kabla umeme au jenereta haijarudi, maana umeme hurudi kwa nguvu isiyotabirika. Darasa zuri linalifanyia hilo mazoezi kwa kuchomoa waya bila taarifa, na kumwacha mwanafunzi afuate hatua zote hadi muziki urudi. Waulize pia kuhusu stabilaiza, na kuhusu vumbi: vumbi jekundu la barabara zetu likiingia kwenye vitelezi, sauti huanza kukwaruza na kupotea, hivyo mashine ifunikwe kila inapopumzika.

Kati ya kipindi na kipindi

Asiye na mashine yake asikate tamaa. Programu za u-DJ za kwenye simu zinatosha kwa mazoezi ya kupanga nyimbo na kuhesabu mafungu, ingawa hazifunzi mkono. Kwa mkono, tafuta makubaliano na mwenye mitambo: mitambo mingi hulala kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, na saa mbili za asubuhi, kwa hedifoni bila spika kubwa, hazimgharimu chochote ikiwa utamsaidia kupakia na kushusha siku za kazi. Yapo pia majira yenye nafasi zaidi. Wakati wa Ramadhani sherehe hupungua sana, hasa Ujiji, na wakati wa Kwaresima harusi nyingi za kanisani husubiri Pasaka. Huo ndio muda ambao Ma-DJ wazoefu wana subira na mashine ziko huru, na anayepanga mafunzo yake kwa kalenda hiyo hupata mwalimu asiye na haraka. Katika Ramadhani, fanya mazoezi kwa hedifoni na kwa saa zinazoheshimu jirani zako.

Rekodi kila zoezi, kisha usiisikilize rekodi siku hiyo hiyo. Isikilize kesho yake, ukiwa unatembea, mbali na mashine. Andika dakika ambayo sikio lako limekwazika, hata kama hujui sababu: dakika ya 7, mwimbaji amekatwa, dakika ya 12, besi imezama. Pelekea mwalimu orodha hiyo pamoja na rekodi. Mwalimu aliyesikiliza dakika 20 za kazi yako atakusaidia zaidi kuliko aliyekupa saa moja ya maelezo ya jumla.

Linda masikio, kwa sababu ndiyo mtaji wenyewe. Kiwango kinachotumiwa na wataalamu wa afya kazini nchini Marekani ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda salama hupungua kwa nusu: desibeli 94 ni saa moja, desibeli 100 ni dakika 15 tu. Karibu na spika za harusi kiwango hicho hufikiwa bila shida. Nunua vizibo vya masikio, simama pembeni ya spika badala ya mbele yake, na ukisikia masikio yanavuma baada ya kazi, pumzika siku inayofuata.

Kuandaa warsha yenu wenyewe

Kama hakuna darasa linalokufaa, liundeni. Vijana 6 wanaochangia sawa wanaweza kumwita DJ mmoja mzoefu kwa siku 2, awe wa hapa mjini au kutoka Dar es Salaam, Mwanza au Bujumbura, mradi gharama ya usafiri na malazi ijulikane kabla. Tafuteni ukumbi mchana wa siku ya kazi, wakati bei yake iko chini, na mashine mbili ili watu 3 wawe kwenye kila moja. Wasioshika mashine wasikae bure: mmoja ahesabu mafungu kwa sauti, mwingine aandike makosa.

Mkitaka kumaliza warsha kwa onyesho la wazi, fuateni taratibu mapema. Afisa utamaduni wa halmashauri ndiye wa kuanza naye kuhusu kibali, na usajili wa wasanii uko chini ya BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Haki za watunzi zinasimamiwa chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndiyo ya kuulizwa kuhusu kupiga nyimbo za watu mbele ya hadhara. Kelele nazo zina kanuni zake chini ya sheria ya mazingira, kwa hiyo zungumzeni na mwenyekiti wa mtaa na majirani kabla ya kugeuza spika.

Siku ya pili mchana, kila mwanafunzi apige dakika 20 mbele ya wenzake, na dakika hizo ziwe na masharti: angalau aina tatu za muziki, mojawapo ikiwa ya bendi, na badiliko moja kubwa la kasi, kwa mfano kutoka bongo fleva kwenda singeli. Mwalimu asimkatize. Akimaliza, mwalimu amtajie jambo moja lililo zuri na mawili ya kurekebisha, yaandikwe kwenye daftari la mwanafunzi pamoja na tarehe. Kisha, kabla mwalimu hajaondoka, kubalianeni naye nusu siku nyingine baada ya mwezi mmoja, kwa bei iliyotajwa leo, ambapo kila mmoja atapiga tena dakika 20 na daftari litafunguliwa kwenye ukurasa ule ule.